Kobe wa Mjomba Tamakwa

Shamba la mama yangu lilikuwa bondeni, pale kijito chetu kinapoingia mto mkubwa. Udongo wake ulikuwa mweusi, wa kunata nyayoni, na hakuna mwanamume aliyewahi kulilima. Mama alilipata kwa mama yake, naye kwa mama yake, na mimi ningelipata kwa mama. Sisi ni ukoo wa Kobe. Kwetu mume ndiye anayehamia kwa mke. Nyumba, shamba na watoto ni vya upande wa mama. Mtoto anayetambaa analijua hilo.

Mwaka ninaousimulia mahindi yalikuwa yamefika magotini na maharage yameanza kukwea mabua. Nilikuwa nimejifungua binti yangu wa kwanza, nimemfunga kwenye ubao wake wa kubebea na kumtundika tawini akitutazama. Tulikuwa tunapalilia kwa majembe yetu ya mfupa wa bega la kulungu: mimi, mama, na Bibi Pilsit, mdogo wake marehemu bibi yangu. Mara tukawaona wanaume watatu wa maji ya chumvi, wale wageni waliotoka ng'ambo ya bahari, wanakatiza shambani wakivuta mnyororo wa kupimia ardhi.

Wa mbele tulimjua. Aliitwa Joost, na alikaa ng'ambo ya kijito kwa majira mawili ya baridi. Majira ya kwanza mkewe alikuwa akitafuna magome ya miti kwa njaa, mama akampelekea kapu la mahindi na boga kavu. Tulimhesabu kuwa jirani.

"Joost," mama akamwita, "unanikanyagia maharage."

Hakugeuka. Mwenzake alisimamisha kigingi katikati ya tuta na kukigongea kwa shoka. Bua la mahindi likavunjika.

"Joost. Nasema na wewe."

Alisema lugha yetu kama mtoto wa miaka miwili. "Mama, hapa sasa kwangu," akasema. "Mimi nunua. Mfalme uza. Mama vuna mara moja, halafu mama toka."

"Mfalme gani?" mama akauliza.

"Labda mfalme wa vyura," Bibi Pilsit akasema, wala hakuacha kupalilia. "Ndio wanaopiga kelele huku bondeni."

Joost akachomoa karatasi kifuani, akaikunjua mbele ya uso wa mama. Ilijaa mikwaruzo kama nyayo za ndege kwenye matope. Chini kabisa alikuwapo kobe, amechorwa kwa wino, mkia umekunjwa upande wa kulia na nukta moja mgongoni.

Nilimtambua yule kobe kabla mama hajasema neno. Mjomba wangu Tamakwa ndivyo alivyowachora. Alinichorea kobe wa namna hiyo kwenye mchanga nilipokuwa mdogo, akamchora kwenye mpini wa kijiko changu cha mti, akamchora kwenye nguzo ya kaburi la mama yao. Hapakuwa na mtu mwingine aliyekunja mkia namna ile.

Mama alimtazama Joost machoni. "Ulikula mahindi yangu," akamwambia.

"Mahindi nzuri," Joost akajibu, akakunja karatasi yake.

Mama akanipa jembe lake. "Mchukue mtoto, Amimi. Tunakwenda kwa mjomba wako."

*

Mjomba alikaa kwa watu wa mkewe, nusu siku kwa mtumbwi kuelekea chini. Njia nzima mama alipiga kasia kama anayempiga mtu.

Tulimkuta mjomba kivulini, anasuka wavu. Jua lilikuwa kali, lakini alikuwa amevaa koti jekundu zito lenye vifungo vya shaba, na jasho linamtiririka shingoni. Mlangoni palikuwa na sufuria mpya mbili na mashoka manne. Mimi koti lile sikuwahi kuliona.

"Dada," akasema kwa furaha. "Kaa mkekani. Amimi, mlete huyo bibi mdogo nimwone."

Kwetu mgeni hulishwa kwanza, maneno baadaye. Mkewe akatuletea uji wa mahindi wenye matunda makavu ndani. Mama hakuligusa bakuli. Aliliacha hapo mbele yake mpaka mke wa mjomba akaelewa, akarudi ndani bila kuaga.

"Umemchorea nini Joost?" mama akauliza.

Mjomba akaweka wavu chini. "Nimempa ruhusa ya kukaa. Awe anawasha moto upande ule, anawinda tunapowinda, anavua tunapovua, na kila mwaka atuletee zawadi. Kama tunavyowakaribisha wageni siku zote."

"Ameweka vigingi kwenye matuta yangu. Anasema nitoke."

"Hajui lugha vizuri. Amekosea neno."

"Hakukosea. Kaka, shamba lile wewe umewahi kuliinamia hata siku moja?"

"Mimi ndiye mkuu wa kijito hiki."

"Nani aliyekukalisha?"

Akauokota tena wavu wake.

"Nimekuuliza. Siku aliyokufa mjomba wetu, nani alikushika mkono akakukalisha mahali pake?"

"Wewe."

"Basi hata hiyo ruhusa ya kukaa haikuwa yako ya kutoa. Ungekuja ukaniuliza. Ni nusu siku tu, na mtumbwi unao."

Hapo mjomba akasema neno ambalo nadhani alijuta kulisema. Aliinamisha kichwa, akasema polepole, "Waliniita ndani ya nyumba yao. Walikuwa watu saba. Wakaniketisha kwenye kiti, wakaniuliza, nani mfalme wa hapa? Ningesemaje, dada? Niseme ngojeni kwanza nikamuulize dada yangu? Wangecheka. Kwao mwanamke haulizwi."

"Kwa hiyo uliogopa kuchekwa."

"Nilifikiri tukiwa marafiki zao itakuwa salama. Wanaongezeka kila majira. Wewe huoni, uko shambani tu."

"Uliogopa kuchekwa," mama akarudia, "ukachora kobe wa mama yetu." Akasimama. "Vua hilo koti. Chukua sufuria na mashoka na kila alichokupa, umrudishie. Ukija kwangu, uje na ile karatasi."

Mjomba alinitazama mimi, kama anayetaka nimsemee. Yeye ndiye aliyenifundisha kuogelea. Yeye ndiye aliyekesha nami nilipougua surua, wakati watoto wengine sita pale kijijini walipokufa. Lakini nilikuwa nimeliona lile bua lililovunjika, nami nikatazama chini.

*

Alikuja siku ya tatu, mchana. Sufuria zilikuwa bado mgongoni na mdomo umevimba.

"Amekataa," akasema akiwa bado nje. "Nimemrudishia, akavitupa kijitoni. Nikaviopoa, nikamrudishia tena. Mwanawe akanipiga. Joost anasema karatasi haiwezi kurudi nyuma, hata yeye akitaka. Anasema tayari imeandikwa kwenye kitabu chao kikubwa huko mjini kwao."

"Na koti?" Bibi Pilsit akauliza.

Mjomba alikuwa bado amelivaa. Akajitazama kama aliyesahau. "Nilivaa ili anitambue," akasema.

"Ajabu," akasema bibi. "Uso wako hautoshi?"

Mama aliwaita watu wa ukoo siku ileile. Walikuja wanawake wote wa Kobe wa kijito chetu na wazee wa kiume, wakajaa ndani ya nyumba ndefu ya magome. Wanaume wakavuta tumbaku, wakazungumza kwa zamu na kwa taratibu. Mmoja alisema mkuu amekosa lakini ni mtu mwema. Mwingine akasema hata kijito cha jirani walifanya vilevile, tatizo ni watu wa maji ya chumvi, si Tamakwa. Mjomba alikaa mwisho wa benchi, koti limekunjwa miguuni.

Mama aliwaacha wamalize. Kisha akaenda pale ulipotundikwa mkanda wa ukuu, ule wa shanga za kombe nyeupe na zambarau, ambao mjomba aliushika kila alipotusemea mbele za watu. Akautoa ukutani, akauviringisha, akautia kifuani mwake.

"Mimi ndiye niliyeuweka," akasema, "na mimi ndiye ninayeuondoa. Kuna mwanamke wa Kobe anayenipinga?"

Mke wa mzee mmoja alikohoa, akatazama chini.

"Kaka yangu amekufa," mama akaendelea. "Alikufa siku alipokaa kwenye kiti cha Joost. Mnajua wenyewe jina la marehemu halitajwi. Nisilisikie tena katika nyumba hii."

Wazee wakatazamana. Kulizika jina la mtu aliyekaa pale anapumua, hilo hatukuwahi kulisikia. Mjomba akainuka. Alifumbua mdomo wake uliovimba, akasema, "Dada."

Mama akamgeukia Bibi Pilsit. "Mama mdogo, kuna mtu ameingia? Naona upepo unavuma mlangoni."

Mjomba akatoka. Koti aliliacha sakafuni, lakini bibi akaliokota kwa ncha ya mchi na kulirusha nje limfuate mwenyewe.

Alirudi kwa mkewe akakuta mambo mengine. Mkewe alikuwa ameziweka nje ngozi zake, upinde wake na wavu wake ambao haujaisha. Bibi Pilsit alipata habari kwa wachuuzi wa samaki, akatusimulia kwa raha: mke yule alisema mtu aliyetoa shamba la mama yake hashindwi kutoa la mkewe. Nami nilicheka, nakiri. Nilicheka, kisha nikaenda kijitoni nikanawa uso kwa muda mrefu.

*

Tuling'oa vigingi vyote. Wanawake kumi na mmoja, asubuhi moja. Vilikuwa vya mti mkavu mzuri, basi tukaviwekea moto palepale shambani, tukapikia uji, tukakaa tukala mbele ya Joost aliyekuwa amesimama ng'ambo ya kijito.

"Karibu, jirani," bibi akampigia kelele. "Vigingi vyako vinaivisha vizuri."

Joost alingoja mpaka mahindi yakawa na maziwa, ule wakati punje ikibanwa inatoa utomvu mweupe, ndipo akafungua zizi lake la nguruwe.

Tuliwasikia kabla hatujawaona. Walikuwa zaidi ya thelathini, wakubwa, wanaangusha bua kwa pua na kutafuna hindi na gunzi lake. Maboga waliyapasua. Maharage waliyang'oa na mizizi. Tuliwafukuza kwa mawe, wakakimbia upande huu na kurudi upande ule. Jua lilipofika kichwani nusu ya shamba ilikuwa imelala chini, na mama alikuwa na jeraha pajani la jino la dume mmoja.

Mama akaomba mchi wa kinu. Mchi wetu ulikuwa mti mzito, urefu wa mtu. Alimfuata yule dume akichechemea, akampiga kichwani mara moja. Nguruwe akaanguka. Hapo wote tukashika michi na mashoka. Tuliua kumi na tisa. Hatukula hata mmoja. Tuliwaburuta tukawapanga kwenye ukingo wa kijito, miguu imeelekezwa nyumbani kwao.

Nilikuwa na damu mpaka kwenye viwiko, na binti yangu analia tawini. Nilipomnyonyesha alikataa titi kwa ile harufu.

Siku ya nne walikuja na bunduki. Walikuwa wanaume ishirini na wawili, wengine hatukuwajua. Vijana wetu walikuwa juu mlimani kwenye mawindo. Pale kijijini walikuwapo wazee wachache na sisi. Joost alikuwa mbele na karatasi yake, kana kwamba tungeisoma.

"Mama ua nguruwe yangu," akasema. "Leo mama toka."

"Nguruwe wako wamewalia watoto wangu chakula," mama akasema. "Toka wewe."

Walianza kutia moto mabua yaliyobaki wima. Yalikuwa mabichi, yakatoa moshi mzito kuliko moto. Ndani ya moshi ule nikaona kitu chekundu katikati ya shamba. Alikuwa mjomba. Sijui alikuja saa ngapi wala kwa njia gani. Alikuwa amekaa chini kwenye tuta, amevaa lile koti, mikono magotini.

Joost alimwona pia. "Mfalme," akaita. "Mfalme toka."

"Mimi si mfalme," mjomba akasema kwa sauti, ili sote tusikie. "Sina mamlaka ya shamba hili. Sikuwa nayo hata siku ile. Yule kobe ni uongo. Nimekuja kukwambia mbele ya wenyewe."

Joost aliwaambia wenzake maneno kwa lugha yao, wakacheka. Walikuwa wanacheka kweli, midomo wazi. Wawili wakamshika mjomba kwa kola, wakamburuta matutani. Hakupigana, alijifanya mzito tu. Koti likapasuka mgongoni. Wakampiga kwa kitako cha bunduki mbavuni, kisha mgongoni, kisha tena mbavuni.

"Mama," nikasema. "Wanamuua mjomba."

Mama alikuwa amesimama karibu yangu, ameuegemea mchi. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu kwa moshi. "Sina kaka," akasema.

"Mama, tafadhali."

"Ukienda, nenda. Mimi sioni mtu pale."

Nilimpa bibi mtoto, nikakimbia. Nilijilaza juu ya mjomba, na kitako kimoja cha bunduki kikanipata begani. Mpaka leo mkono huu haupandi juu ya sikio. Labda kwa kuwa nilikuwa mwanamke na maziwa yananitoka, wakaacha. Nilimvuta mpaka kijitoni. Alikuwa anapumua kwa kukoroma.

"Mama yako ananiona?" akauliza.

Niligeuka. Mama alikuwa ametupa kisogo, anaokota mahindi yaliyoanguka, hindi moja moja, anatia kapuni.

"Anakuona," nikasema.

Sikumdanganya. Najua alimwona.

*

Joost alitupa siku tatu za kukusanya kilichobaki. Tulibomoa nyumba, tukaviringisha magome yaliyofaa, tukapanda mto. Siku tano kwa mtumbwi, mpaka kwa watu wa ukoo wetu waliokubali kutupokea. Walitupa ardhi ya mteremko, yenye mawe. Mbegu tulizookoa zilijaa vikapu viwili tu, na mama alilala amevikumbatia. Pajani jeraha lake lilifunga, likafunguka, likafunga tena.

Mjomba alitufuata. Hakuthubutu kuingia kijijini. Alijijengea kibanda ng'ambo ya mto, peke yake, mbavu zimeunga vibaya hata akawa anatembea ameinamia upande, akiburuta mguu. Tuliuona moshi wake kila asubuhi. Watoto waliuliza ni moshi wa nani, na watu wazima wakasema ni wa mtu mmoja.

Theluji ilipokuwa nzito, chakula kikatuishia. Ndipo asubuhi moja nikafungua mlango nikamkuta kulungu amelazwa hapo nje, mnene, amechinjwa na kusafishwa. Nyayo zilikuwa za mtu anayeburuta mguu. Zilitoka mtoni, zikarudi mtoni.

Mama alikuja nyuma yangu, akasimama akamtazama yule kulungu. Kisha akapita juu yake, akaenda kuchota maji. Aliporudi akampita tena.

"Mama, huyu ni mnyama wa nani?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Sijui. Waulize wenye njaa."

"Mimi nina njaa. Mtoto ana njaa. Bibi hajainuka kitandani tangu juzi."

"Basi kula."

"Na wewe?"

"Mimi sili mkononi mwa maiti, Amimi."

Nilimchuna kulungu pale nje, vidole vimekufa ganzi. Nilipika nyama na mafuta yake, nikampa Bibi Pilsit mchuzi kwanza. Alikunywa akalamba bakuli, yeye aliyekuwa akimcheka kuliko wote. "Nyama nzuri," akasema taratibu, akimtazama mama. "Mikwen, mwanangu, utakufa na ukaidi wako." Wala hakutania.

Mama alikuwa amekaa upande wa pili wa moto. Kwenye kiganja alikuwa na punje za mahindi makavu, zisizofika ishirini, zile zilizokuwa zimeungua shambani na hazifai kwa mbegu. Alizitia mdomoni moja moja, akizitafuna mpaka tukasikia zikivunjika.

Kulungu wengine wawili waliletwa majira yale. Wa mwisho aliletwa siku theluji ilipoanza kuyeyuka, na alikuwa mwembamba. Baada ya hapo moshi wa ng'ambo haukuonekana. Nilivuka barafu ikiwa bado inashika, nikamkuta kibandani amekauka kwa baridi, amejifunika ngozi vizuri kama aliyejitayarisha. Nilimzika mwenyewe na kumpaka uso rangi nyekundu, kama inavyotakiwa. Sikuweza kuinua mawe makubwa kwa mkono wangu mmoja, kwa hiyo kaburi lilikuwa la kina kifupi.

Niliporudi, mama alikuwa mteremkoni, anatoa mawe kwenye udongo. Nilikaa karibu naye nikamwambia nilichokiona.

Alisikiliza. Akang'oa jiwe, akalitupa chini kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, likagonga mengine likavunjika.

"Tuna mwezi mmoja tu kabla ya kupanda," akasema. "Leta jembe."